Miaka Mitatu Namjibu Mama wa Msanii Wangu Kana Kwamba Mimi Ndiye Mwanawe

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwandikia, na hilo utaliona mwenyewe ukifika chini. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, nina kampuni ndogo ya muziki ambayo sikurithi wala sikupewa na mtu, nilianza kwa kukata tiketi kwenye milango ya kumbi za watu, leo nasimamia wasanii wanne na kuandaa maonyesho, ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri, kimoja cha kazi na kingine nalala humo, na ukinitajia ukumbi wowote nitakuambia una viti vingapi na vyoo vingapi bila kufungua daftari, lakini ukiniuliza ni nani ataniuliza leo kama nimekula, hapo hesabu inagoma.

Mkubwa wa wasanii wangu tumwite Chiriku. Nilimkuta miaka tisa iliyopita akiimba kwenye harusi ya watu, amevaa shati la kuazima lililomfunika mpaka vidole, nikamchukua, na tangu siku hiyo nimempandisha jukwaani mara mia mbili na kumi na nne. Sasa kazi yetu ina desturi yake, msanii akishapata jina hashiki tena simu ya kazi, anaishika meneja, na mimi ndiye ninayewajibu waandaaji, watangazaji, wanaotaka mchango na wanaotaka kuolewa, najibu kwa mtindo wake mpaka vifupisho vyake navijua, na namba yenyewe, ile aliyoanza nayo, tuliisajili kwa jina la kampuni. Yeye ana simu nyingine ya mambo yake.

Tatizo ni mama yake mzazi. Ni mjane, fundi cherehani, anaishi mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi, na masikio yake ni mazito kiasi kwamba simu ya kuongea haimfai, kwa hiyo huandika ujumbe, na namba aliyoizoea ni hiyo niliyo nayo mimi. Siku ya kwanza nilimwambia Chiriku kuwa mama yake anamsalimu, akasema, "Mjibu tu, bosi, mwambie niko salama." Nikamjibu. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Ya nne sikumwambia.

Shangazi, mimi mama yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikalelewa nyumba hii miezi, nyumba ile miezi, kama kiti cha kuazima, kwa hiyo sikuwahi kujua kuwa mtu anaweza kukuandikia asubuhi kukueleza tu kuwa sindano imemvunjikia na jirani amejenga ukuta uliomzibia mwanga wa kushonea, halafu akamaliza kwa kukuuliza umelalaje, baba. Nikaanza kumweleza na yangu. Mwaka juzi niliugua homa, nikamwandikia kuwa naumwa, na sikusema uongo maana niliumwa kweli, basi siku hiyo nilipokea jumbe kumi na moja, kunywa tangawizi ya moto, jifunike, usinywe maji ya baridi, umekunywa tangawizi? Nilikunywa. Nilikunywa huku nalia, na sijui kama ilikuwa ni homa.

Chiriku huenda kumwona mara mbili kwa mwaka, tunakwenda na gari la kampuni, na njiani namwandaa kama ninavyomwandaa kabla ya mahojiano ya redio, goti linalouma ni la kushoto, habari za ukuta usizianze wewe, ukiulizwa kuhusu homa sema imepona. Aliwahi kuniuliza haya yote nimeyajua wapi, nikamwambia ndiyo kazi yangu. Safari ya mwisho mama alimtazama muda mrefu, akasema mbele yangu, "Ukiwa hapa huna maneno, baba. Ukiwa mbali ndiyo mwanangu." Chiriku akacheka. Mimi nikatoka kwenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na kasoro. Mimi huyo mama huniita dada wa ofisini, hunipa kigoda, na huniuliza kama safari ilikuwa nzuri.

Sasa Chiriku ananiacha. Miaka tisa imemalizwa kwa mistari miwili, asante kwa yote bosi, mkataba ukiisha mwisho wa mwezi nahamia kwa wakubwa. Nilipomuuliza kuhusu namba alisema nibaki nayo, wakubwa watampa mpya. Kwa hiyo kwa mujibu wa mkataba, namba ni mali yangu, na mama huyo ataendelea kuniandikia mimi.

Na wiki iliyopita ameandika kuwa atapasuliwa mtoto wa jicho tarehe kumi na tisa mwezi ujao. Maneno yake ni haya: "Dada zako sitaki waje, wanalia sana. Njoo wewe unishike mkono. Macho yatafungwa na masikio unayajua, lakini mkono wa mwanangu nitautambua." Nikajibu hapo hapo, nitakuja, mama. Kidole kilitangulia, akili ikafuata. Tarehe hiyo hiyo Chiriku ana onyesho lake la kwanza na kampuni mpya, mabango nimeyaona, na hajui lolote kuhusu jicho. Je, nimwandikie mama kuwa kazi zimenibana? Niende mimi? Niizime namba, wakutane wenyewe huko mbele? Au nibaki nayo tu, maana naapa sijawahi kumwandikia neno baya? Nishauri, shangazi. Tangu Jumatatu ameniuliza mara tatu kama nimeshakata tiketi ya basi.

Dada wa Ofisini


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilijaribu kukasirika tena, nikashindwa.

Tuanze na lawama, maana na wewe umekuja na zako. Unalalamika kuwa kijana amekuaga kwa mistari miwili. Ni kweli, hana adabu. Lakini mama yake hajapata kutoka kwake hata huo mmoja, kwa miaka mitatu, na aliyemrahisishia ni wewe. Jumbe tatu za mwanzo ni kosa lake, alikutuma. Kuanzia ya nne ni zako. Mtu hamsahau mama yake kwa siku moja, humsahau kidogo kidogo, na wewe ulikuwa unamzibia kila pengo ambalo lingemshtua. Usiniambie hujaandika neno baya. Hakuna aliyekulaumu kwa maneno. Maneno yalikuwa mazuri, mwandishi ndiye hakuwepo.

Pole yangu ni hii, na nakupa bila kupunguza: ulikuwa na njaa ya mama, ukakuta sahani imewekwa mezani na mwenyewe hajatokea. Wengi wangekula. Lakini mwenye sahani yupo, na aliyepika anadhani anamlisha yeye.

Sasa sikiliza. Kwenda hospitali wewe, hapana. Mama asiyeona na asiyesikia apewe mkono wa mtu asiyemjua, aambiwe ni wa mwanawe? Huo si upendo, ni wizi. Kuizima namba, hapana pia. Huo ni woga.

Leo, si kesho, mwite Chiriku ofisini. Funga mlango, mpe simu mkononi. Usimwandae, umemwandaa vya kutosha. Asome mwenyewe tangu ujumbe wa kwanza, na usifute hata mmoja, hasa ile ya homa, inayokuaibisha. Akikutukana, nyamaza. Akilia, nyamaza vilevile. Kisha muulize swali moja tu, tarehe kumi na tisa atakuwa wapi. Jibu ni lake. Akichagua jukwaa, amwandikie mama yake kwa kidole chake mwenyewe, wiki mbili kabla, ili mama apate nafasi ya kuchagua mkono mwingine. Na amweleze ni nani aliyekuwa akijibu. Asipomweleza ndani ya siku saba, utamweleza wewe. Mama huyo haingii chumba cha upasuaji na uongo wenu.

Namba mwachie. Najua mkataba unasemaje. Mama yule haiandikii kampuni.

Wale wasanii wako watatu waliobaki, wape simu zao leo hii wazipitie wenyewe. Usiniambie nimekuonea.

Mama akishajua, mwandikie mara moja tu kwa namba yako na jina lako la kweli. Mwombe radhi, usijieleze sana, usitaje upweke wako, huo si mzigo wake. Anaweza kukulaani. Anaweza kunyamaza, na akinyamaza usimwandikie tena. Na anza kwa salamu na kujitambulisha, jina na kazi yako, kama mtu anayefika kwake kwa mara ya kwanza, maana yeye bado hajakutana nawe.