Kichupa cha Mate

4 Februari

Baba, shikamoo. Natumaini presha imetulia. Mimi mzima, na mjukuu wako ananipiga mateke. Baba, kile kichupa nilichokutumia kiko wapi? Unasema wiki ijayo mpaka nimechoka. Mate tu, kama nilivyotoa yangu, wapime vinasaba! Nataka mtoto azaliwe nikijua jina la ukoo wetu lilianzia wapi, maana hapa kila ninayemtajia ananiuliza, nami nabaki kukodoa macho.

Binti yako

20 Februari

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, ila wewe utanimaliza. Jina nimelikuta kwa baba yangu, naye kwa baba yake, basi. Hao wanaolishangaa hawana kazi? Mimi sare za wanakwaya zimejaa mpaka mlangoni, cherehani imekatika mkanda, na wewe unataka nikae kutema mate! Haya, kichupa kimejaa na nimekituma. Usinisumbue tena. Kinyozi wa jirani anakusalimia. Kila siku anauliza utajifungua lini.

Baba

11 Aprili

Baba, shikamoo. Dawa unakunywa? Majibu yametoka! Jina limenishinda: wenye jina kama letu waliopimwa hawana undugu nasi hata chembe. Lakini mimi na wewe ni mtu na baba yake, wameandika bila shaka yoyote. Nimecheka peke yangu, kana kwamba nilihitaji kuambiwa. Natuma kichupa kingine, wapime zaidi.

Binti yako

29 Aprili

Marahaba. Usitume kitu.

Siku ya kujaza kichupa, zile dawa za presha zilikuwa zimenikausha kinywa. Nilihangaika asubuhi nzima, hata tone. Nikampa kinyozi akijaze, maana yeye mdomo haukauki. Nikadhani mate ni mate.

Barua yako nimeifungulia kwenye kiti chake, nimenyolewa upande mmoja. Nikamsomea kwa sauti ili tucheke. Hakucheka. Wembe ulimponyoka. Miaka yote hiyo namwachia shingo yangu! Na mama yako yuko kaburini, nimgombeze nani? Nina hasira, na naogopa. Hilo jina langu sasa utalitupa?

Fundi cherehani

17 Juni

Baba, shikamoo. Fundi cherehani ndiye nani? Mimi simjui. Nimekukasirikia kwa kile kichupa, mama nimemkasirikia zaidi, nimelia mpaka uchungu ukanikamata. Ni wa kiume. Muuguzi aliuliza jina la ukoo, nikamtajia lako. Akashangaa kama wenzake, akauliza limetoka wapi. Nikamwambia limetoka kwa baba yangu.

Tunakuja mwezi ujao. Nyoa na huo upande wa pili.

Binti yako