Riziki Ametangulia Mombasa

Shikamoo Mama,

Niko Msambweni. Mvua ya vuguvugu inanyesha juu ya minazi, nami nimeshiba mahamri na mbaazi hata najihisi kama ninaelea.

Uliniuliza nimeitiwa nini huku. Kompyuta ya zahanati, kabla ya kuhifadhi jambo lolote, huliandika kwanza kwenye logi, yaani daftari lake la ndani la kumbukumbu. Logi hiyo hupelekwa Mombasa, ili kompyuta ya hapa ikiharibika, kuwe na nakala. Lakini ilikuwa nzito, mtandao ulikuwa ukielemewa, na nakala ilibaki nyuma siku nzima. Leo tumebadilisha namna ya kuibana logi iwe ndogo. Tuliingiza kazi ile ile mara mbili, kwa njia ya zamani kisha kwa mpya, tukapima logi iliyotoka. Ya pili haikufika hata nusu ya ile ya kwanza. Nilipima tena kwa kutoamini.

Nesi Mwanamisi akasema, "Basi tujaribu kwa mtu wa kweli." Kwa idhini ya mzazi, akamwandika mtoto aliyezaliwa asubuhi, Riziki, nami nikampigia simu mwenzangu wa Mombasa. Akalisoma jina papo hapo kwenye nakala ya kwao, sauti yake ikajaa chumbani. Mamake Riziki, aliyekuwa akisinzia na mtoto kifuani, akafumbua macho, akacheka taratibu: "Mimi Mombasa sijafika bado, mwanangu ameshafika!"

Nina hamu nawe sana, Mama. Mwenyezi Mungu aliponye goti lako, akupe na usingizi mwororo.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi