Kidole cha Koko Cibalonza

Jumatatu, 5 mars 1973

Papa amenipa tena kazi ya kunakili. Yeye ni karani wa kilimo, lakini mwandiko wake haumsaidii! Ni orodha ya wakulima wa pamba wa Luvungi, wanaopokea prime, feza ya nyongeza ya serikali, kila msimu. Jina, shamba, feza, alama ya kidole gumba. Naipenda kazi hii. Hakuna anayenisemesha.

Mstari wa 41: Cibalonza. Koko! Mama yake papa. Tulimzika mwaka 1970.

Na kando ya jina – kidole. Cha novembre iliyopita.

Jumanne, 6 mars

Nimemwuliza papa mezani. Kijiko kilirudi kwenye sahani. Anasema alitoa majina kwenye kitabu cha zamani, akasahau kulikata la mama yake. Basi, siku ya malipo jina likaitwa, mwanamke akaja. Papa mwenyewe ndiye aliyemshika mkono na kubonyeza kidole.

Nikauliza: hukumtazama?

“Watu mia mbili! Miye naangaliaka vidole, siangaliake sura.”

Alhamisi, 8 mars

Nimeazima lenzi ya somo la biolojia. Koko alijikata gumba kwa mundu kabla sijazaliwa. Kovu lilipita kwa mshazari. Nilizoea kulishika nikiwa mdogo.

Kwenye karatasi, katikati ya wino, kuna mstari mweupe. Kwa mshazari.

Jioni tantine Eulalie, dada yake papa, amefika kutoka Luvungi na mihogo. Shamba la koko linapakana na lake. Nikamwuliza kama ni yeye anayelilima. Akacheka mpaka kitambaa kikaanguka: “Miye? Na huu mugongo? Wee mutoto, vitabu vinakuharibu!” Kisha akaacha kucheka. Shamba lile limepaliliwa, anasema, safi kabisa. Alidhani papa alilipa vibarua.

Papa alidhani ni yeye.

Ijumaa, 9 mars

Kesho mkaguzi anakuja Luvungi. Kila jina lisimame mbele yake na liweke kidole. Jina lisilo na mtu – karani anaenda gerezani. Papa hajala tangu asubuhi.

Kisha akanitazama, kwa muda mrefu. Mwaka jana, serikali ilipokataza majina ya ubatizo na kutuita wote citoyen, yaani wananchi, niliacha Madeleine nikapewa jina la koko. Limeandikwa hata kwenye kadi yangu.

“Wakiita, unaitika tu. Si iko jina yako?”

Nikasema: jina ni langu. Kidole je?

“Utabonyeza nguvu. Wino itafunika.”

Nikasema ndiyo, papa. Sijawahi kusema uongo mbele ya watu. Hata ukweli sijawahi kuusema mbele ya watu!

Jumamosi, 10 mars, Luvungi

Naandika juu ya goti, barazani kwa ghala la pamba. Wamefika mstari wa 39. Papa ameketi mezani na wino, ameinamisha kichwa. Hanitazami.

40. Muzee mmoja anamwambia mkaguzi: “Niko muzima, citoyen! Unataka nikuonyeshe meno?” Watu wanacheka.

“Citoyenne Cibalonza!”

Nimefungua kinywa niitike.

Nyuma yangu mtu ameitika: “Niko hapa.”

Amepita. Pagne yake, kitenge cha kiunoni, imegusa bega langu – ina udongo mbichi. Mimi naona mgongo tu. Amenyoosha mkono. Papa ameupokea, anatafuta gumba, kichwa chini kama kawaida. Anabonyeza.

Hauachii mkono ule. Anapapasa gumba, kwa mshazari.

Papa anainua macho.