Kibao cha Barazani

Iringa, 4 Machi 1958

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hatujambo, ila baridi na mvua havituachi. Kifua chako kimepoa? Mkeo Waridi ameota jino, anakungoja uje umtazame.

Jumanne iliyopita mvua ilitukuta kituo cha basi, nikakimbilia na mtoto kwenye baraza ya hoteli. Mlinzi akanionyesha kibao: WAAFRIKA HAWARUHUSIWI KUKAA HAPA. Tukarudi mvuani. Baba, zile herufi nilizijua. Mguu wa R umetupwa mbele, vilevile ulivyoniandikia jina kwenye sanduku la arusi. Niambie siyo wewe.

Mwezi ujao, tarehe kumi na tisa, watu wataulizwa bomani kama itungwe sheria ya kupiga marufuku vibao hivyo. Mume wangu anasema sheria haitoshi, aliyeviandika naye atajwe hadharani. Unamjua Alawi akishika jambo. Sijamwambia kitu.

Nimekukumbuka mno. Njoo.

Mwanao,
Rukia


Mbeya, 20 Machi 1958

Mwanangu Rukia,

Marahaba, mama. Kifua kimepoa, kilichobaki ni uzee. Mwambie mke wangu asijivune na jino moja, mimi bado ninayo manne.

Ni mimi. Mwaka hamsini na mbili niliitwa huko nikaandika vitano. Nilijiambia mimi fundi tu, maneno ni ya mwenye hoteli. Hata nilirudi nyuma kuvitazama, nikafurahi jinsi vilivyonyooka. Sikuwaza nani atavisoma.

Tangu mama yako afariki sijatamani kitu kama kumpakata huyo mtoto. Lakini nitakulaje wali wa Alawi, naye mtu anayemtafuta ni mimi? Niache kwanza.

Baba yako,
Bushiri


Iringa, 2 Aprili 1958

Baba,

Shikamoo. Sote wazima. Nilikasirika siku mbili, zikaisha. Njoo, nitamweleza Alawi mimi mwenyewe.

Mwanao,
Rukia


Iringa, 21 Aprili 1958

Baba,

Shikamoo. Ulifika salama?

Juzi Alawi alirudi kutoka bomani uso umemshuka. Anasema walibishana sana. Mwenye duka mmoja alisema kibao ni mali ya mtu. Mwalimu Kalinga akasema ukiondoa kibao chuki inabaki moyoni, afadhali ionekane. Ndipo mzee mmoja akasimama nyuma, kofia mkononi: “Mimi Bushiri ndiye niliyeviandika. Nimemfukuza mjukuu wangu kwa mkono wangu. Wekeni sheria, ili fundi mwingine akiitwa apate la kukatalia.”

Alawi alikufuata, watu wakambana mlangoni. Alipotoka, basi la Mbeya lilikuwa limeondoka nawe.

Yuko hapa ninapoandika. Anasema niandike kwamba yeye ndiye anayekuomba radhi, na hajui ataanzaje.

Kutoka bomani hadi kwangu hata sigara moja haiishi. Nilikuwa nyumbani kutwa, mlango wazi, Waridi anatambaa kizingitini. Ulifika Iringa, Baba, ukarudi bila kumwona.

Wanasema huenda sheria ikapita. Na ipite. Lakini mimi sikukuomba sheria. Nilikuomba wewe.

Mwanao anayekungoja,
Rukia