Ile Jumamosi ya Mutiso

Kitengela, Alhamisi, Septemba 2009

Hii programu ya rekodi za maziwa ninayoiandika imenichosha. Naweka tarehe, inageuzwa JSON, yale maandishi ambayo programu hutumiana, ikirudi imepungua siku moja. Leo nilijaribu na siku ambayo bwanangu Mutiso anarudi kutoka Dubai, Jumapili. Ikasoma Jumamosi. Nilijua ni uongo, na bado nikaanza kupanga kuku nitakayemchinja Ijumaa jioni.

Saitoti, tunayefanya naye kazi, akaangalia. "JSON inahesabu kwa saa za Greenwich. Kwetu ikifika usiku wa manane, huko bado ni jana, saa tatu usiku. Si utoe saa, ubakishe tarehe peke yake?"

Nikabadilisha fomati ya tarehe. Ikasoma Jumapili, sawasawa. Saitoti akapiga makofi.

Mimi nikasogeza kuku hadi Jumamosi jioni. Ile Jumamosi nilikuwa nimeshaizoea.