Glasi ya Kwanza ya Papa Plomb

Maman Eulalie mpendwa wa redioni, nisaidie kabla sijaondoka, maana daktari amenieleza waziwazi kwamba ini langu limekwisha na huenda mwezi huu nisiumalize, na jambo hili sijamwambia mtu, hata binti yangu Fabiola ninayeishi kwake hapa Bukavu, naye anadhani babake anakonda kwa uzee tu.

Mimi ni Déogratias, mwalimu mstaafu wa kemia, lakini kwenye avenue yetu wananiita Papa Plomb, yaani Baba Risasi, kwa sababu kwa miaka mingi nimepiga kelele kwamba mabomba ya zamani yanayotuletea maji ni ya madini ya risasi, na kwamba yanawatia watoto wetu sumu polepole na kuwapunguzia akili, wakawa wananicheka, jirani yangu Maman Adolphine akiniambia, "Papa Plomb, mimi nakunywa maji haya tangu utoto, akili yangu imepunguka wapi?" nami namjibu, "Maman, swali lako ndilo jibu."

Lakini tumeshinda, Maman! Jimbo limetoa pesa za umma, mabomba yote ya avenue yetu yameng'olewa na mapya yamewekwa hadi jikoni, bila familia yoyote kutozwa hata franga, na Adolphine mwenyewe alipiga vigelegele. Jumamosi ni sikukuu, na kwa kuwa kwetu Bushi mwenye kukaribisha kinywaji ndiye anayekionja kwanza ili wageni waone hakina sumu, wameamua glasi ya kwanza niinywe mimi, mbele ya wakaaji wa avenue ya chini, ambao zamu yao inafuata na ambao bado wanawazuia mafundi kuingia wakisema mabomba mapya yametiwa kitu.

Sasa nikinywa halafu nife wiki hiyohiyo, watasema maji yameniua, mafundi watafukuzwa na pesa zitapelekwa kwingine; nikikataa, watasema mwenyewe ameogopa. Nifanye nini?

Papa Plomb

*

Papa Déogratias, hongera sana! Sasa keti nikugombeze. Miaka yote hiyo umepiga kelele juu ya sumu iliyofichwa chini ya nyumba, kisha wewe ukaficha ugonjwa wako ndani ya nyumba hiyohiyo? Mwalimu mzima! Watu wasipoambiwa kitu, hujaza pengo wenyewe.

Ndiyo maana nilikupigia simu kabla ya kuisoma barua hii redioni, nikakutaka uanze na binti yako. Umeanza naye. Pole sana, Fabiola. Naye, wewe ukiwa umekubali, ndiye aliyesisitiza nikutaje jina: "Soma yote, Maman. Papa hajawahi kunong'ona." Basi sasa kuanzia Kavumu hadi Kamituga wanajua kwamba unakufa kwa ini. Maji hayana kesi.

Jumamosi usikubali mtu aonje badala yako. Kabla ya kuishika glasi, waambie watu wa avenue ya chini, kwa mdomo wako, kile alichokuambia daktari. Waulize wana swali gani, uwajibu bila kuwatania kama ulivyomtania Adolphine. Kisha fungua robine ya bomba ulilolipigania.

Nitakuwa nimeketi karibu nawe. Kunywa, Papa, lakini usiimalize: nusu ni yangu.