Gorogoro Lile Lile, Ishirini Ile Ile

Baba Hope,

Nilikusikia alfajiri gizani ukikwaruza mkebe wa unga na kijiko. Nikajua maneno yanakuja, na yakaja.

Uji umefunikwa, ni wa Hope. Asitoke kucheza bila viatu.

Umeniuliza mbele ya mtoto: "Pesa naleta ile ile, mbona unga unaisha? Ama unalisha hiyo shule yako ya jioni?" Karo yangu natoa kwa nguo ninazofulia watu Kawangware, na unajua. Tena ni hiyo shule imenifunza jibu: noti zikichapishwa nyingi na mahindi yasiongezeke, kila noti inanunua kidogo. Bei inapanda, mshahara wako wa mjengo umesimama. Pesa yako inapungua ikiwa bado mfukoni mwako, bwana. Siyo mimi.

Kwa hivyo leo nenda wewe. Noti ya ishirini nimeiweka chini ya taa. Beba gorogoro letu la kupimia unga, lile lile tulilojaza Januari kwa ishirini, umpe Nasipwondi muuza unga pale kioski, halafu uangalie unga umefika wapi. Kisha uniulize tena.

~~Leo sirudi.~~ Nitarudi saa tatu usiku, baada ya darasa. Darasa siachi.

Mama Hope

Nimesahau: ugali upike wewe, na unibakishie. Wiki hii yote nimekuwa nikisema nimeshiba. Ulipotoka kuchota maji, Hope alichungulia mkebe, akaniambia, "Mama, leo na wewe ule."